Unga unaotoa baridi haupo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Mafinga, nacheza The Powder Toy kwenye kompyuta, mchezo wa kuiga unga, vimiminika na joto, na nimeanza kuuandikia skripti kwa lugha ya programu ya Lua. Nataka kupendekeza elementi (aina za vitu vya mchezoni) mbili mpya: unga unaotoa baridi na kugandisha kila unachokigusa, na jiwe la moto lisilopoa. Niweke namba zipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuandika skripti unajua, kwa hiyo niende moja kwa moja kwenye linalonikera.

Baridi haitolewi. Kinachohama ni joto, tena kutoka penye joto zaidi kwenda penye joto kidogo. Unga wako ukipoza maji, umeyanyang'anya joto. Umelipeleka wapi? Na jiwe lako, joto lake linatoka wapi? Liache peke yake kwenye uwanja uliofungwa, litapandisha kila kitu hadi kifikie joto lake lenyewe (dari la mchezo ni Kelvini 9,999, yaani nyuzi 9,726 hivi), na hapo hakuna cha kuchezea tena.

Vitu halisi vipo, na vinavutia kuliko hivyo vya kubuni. Chukua urea, hiyo hiyo ya kukuzia mahindi. Mimina gramu 100 kwenye lita moja ya maji, koroga, shika sufuria kwa nje: maji yameshuka kama nyuzi tano. Joto limetumika kuzitenganisha punje. Punje zikiisha kuyeyuka, kupoza nako kumeisha. Chokaa ni kinyume chake. Wanaozima chokaa wanajua mawe yaliyochomwa yanavyofuka na kutokota yakimwagiwa maji. Kilo moja hutoa zaidi ya kilojuli (kipimo cha nishati) 1,000. Si za bure hizo. Ni sehemu ya joto lililoingia tanurini, kwenye nyuzi 900 hivi, na ikishazimwa imezimwa.

Kwa hiyo namba ya kwanza ya kuweka ni akiba ya joto. Kila chembe iwe na kihesabio kinachopungua kila inapobadilisha joto la jirani yake, kikifika sifuri igeuke kitu kingine: urea iwe maji ya urea, chokaa hai iwe chokaa iliyozimwa. Ukitaka kinachorudiwa, pendekeza sodiamu asetati, ile ya kwenye vifuko vya kupashia mikono. Huyeyuka kwenye nyuzi 58, ikipoa polepole hubaki kimiminika, kisha punje moja tu ya fuwele ikiigusa huganda yote na kupata moto. Ili uitumie tena, lazima uichemshe upya. Huo ndio mchezo!

Barafu nayo usiidharau. Kuyeyusha kilo moja kunameza kilojuli 334, joto ambalo lingeyapandisha maji hayo hayo kutoka nyuzi 0 hadi 80. Michezo mingi ya aina hii huigeuza tu barafu kuwa maji ikifika sifuri, bila kudai joto hilo.

Wewe unacheza, huna hasara. Ila wazo hilo hilo la joto lisilo na chanzo ndilo linalotembezwa mitaani kwa pesa. Wiki haipiti bila mtu kuniuliza juu ya kale kakasha ka kuchomeka ukutani ili "luku isiishe haraka", na wanaoniuliza ni watu wazima, wengine wamesoma fizikia hadi kidato cha sita. Wauzaji wana maelezo marefu, mara sumaku, mara mawimbi. Mimi nawauliza habari ya birika. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20, mpaka yachemke hapa Mbeya kwenye nyuzi 94 hivi maana tuko juu, yanataka karibu kilojuli 310. Hiyo ni pungufu kidogo ya sehemu ya kumi ya yuniti moja ya umeme. Birika litazichukua zote kwenye mita, na nyingine za kupotea hewani, kakasha kawepo kasiwepo.