Tanbihi arobaini, bango halijang'oka: kuboresha makala ya bendi ya hevi metali

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiboresha makala ya Wikipedia kuhusu bendi ya hevi metali ninayoipenda tangu utotoni. Nilipoanza ilikuwa na aya mbili tu, na juu yake bango lililosema haina vyanzo vya kutosha. Sasa ina orodha ya albamu zote, wanachama wote wa zamani na tanbihi zaidi ya arobaini. Bango bado lipo. Mhariri mmoja ameifuta sehemu yangu yote ya "Urithi", mwingine ameandika kwamba vyanzo vyangu si vya kuaminika. Juzi mtu amenitumia ujumbe akisema kwa malipo ataifanya makala ipite na ilindwe isiguswe tena na yeyote. Je, niongeze tanbihi ngapi ili ikubalike? Na huyo mtu nimwamini?

JIBU: Marahaba. Huyo mtu usimlipe hata senti. Nitamrudia baadaye, maana habari yake ni ndefu na haikuhusu wewe peke yako.

Tuanze na tanbihi. Hakuna idadi. Swali hili nakutana nalo kila ninapopitia makala za muziki, na wanaoliuliza ni watu wenye bidii, wanaoijua bendi yao nje ndani. Tatizo ni kwamba wanazichukulia tanbihi kama mihuri kwenye barua, kwamba ukigonga mingi ofisi itapokea. Tanbihi ina kazi moja tu: kumpeleka msomaji asiyekuamini mahali ambapo mtu asiye na maslahi na bendi ameandika jambo hilohilo unalolidai. Isipofanya kazi hiyo inaleta madhara, kwa sababu inaipa sentensi mbovu sura ya kuaminika.

Nimeifungua makala yako. (Bendi siitaji hapa, mashabiki wasije wakaivamia.) Itazame sentensi hii: "Albamu yao ya pili ilivunja rekodi za mauzo, ikauza zaidi ya nakala milioni moja na kuwatawaza wafalme wa hevi metali duniani." Nyuma yake umepanga tanbihi nne. Nimezifuata moja baada ya nyingine. Ya kwanza inakwenda kwenye tovuti ya bendi yenyewe. Ya pili ni duka la mtandaoni linaloiuza albamu hiyo, na sifa zilizo pale zimeandikwa ili inunuliwe. Ya tatu ni Encyclopaedia Metallum, hifadhidata ya mtandaoni ya bendi za metali. Ya nne ni habari fupi ya gazeti la mtandaoni ya mwaka jana, na ukiilinganisha na historia ya makala yako utaona aya yake ya pili imenakiliwa neno kwa neno kutoka Wikipedia. Kwa hiyo ukiziondoa zote nne, sentensi haipungukiwi na chochote. Haikuwa na chanzo tangu mwanzo.

Encyclopaedia Metallum inastahili maelezo, kwa sababu watu wa metali huitetea kwa nguvu. Ipo tangu 2002, ni hazina kubwa, na mimi mwenyewe huitumia kujua nani alipiga besi kwenye rekodi gani. Lakini habari zake huletwa na watumiaji, kama ilivyo Discogs, hifadhidata nyingine ya rekodi za muziki, na ndiyo maana katika Wikipedia ya Kiingereza hazikubaliwi kuwa chanzo. Itumie ikuonyeshe pa kutafuta, kisha utafute. Mhariri aliyekuambia vyanzo vyako si vya kuaminika alisema kweli. Alichokosea ni kuishia hapo bila kukueleza sababu.

Sasa hiyo milioni moja. Nimehangaika kuitafuta na naona ilikotoka: albamu ilipata cheti cha platinamu Marekani, na kwa RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki cha huko, platinamu ni nakala 1,000,000 na dhahabu ni 500,000. Ila kwa desturi RIAA huhesabu nakala zilizopelekwa madukani, si lazima ziwe zimefika mikononi mwa wasikilizaji. Tangu 2016 inahesabu hata usikilizaji wa mtandaoni: nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,500, hiyo ni sawa na nakala moja. Ukivuka kwenda Uingereza, platinamu ya albamu ni 300,000 na dhahabu ni 100,000. Mtu anayeandika "iliuza milioni" kwa sababu ameona neno platinamu ameandika jambo ambalo chanzo chake hakikulisema.

Iandike hivi: "Albamu ya pili ilithibitishwa platinamu na RIAA," uweke mwaka, na tanbihi moja inayokwenda kwenye hifadhidata ya RIAA. Sentensi ni fupi, tanbihi ni moja, na hakuna mhariri atakayeigusa. "Wafalme wa hevi metali" yaondoke kabisa. Kama mhakiki wa jarida linalojitegemea aliwahi kuwaita hivyo, mtaje kwa jina, taja jarida na mwaka, na maneno yabaki kuwa yake. Makala haina ruhusa ya kuyasema kwa sauti yake yenyewe.

Hapo ndipo sehemu yako ya "Urithi" ilipoangukia. Nimeisoma katika historia ya makala: aya tano, zote sifa, na hakuna hata mstari mmoja wa mtu aliyewahi kuipinga bendi hiyo. Wapenzi wa bendi hudhani kutaja uhakiki mbaya ni usaliti. Tazama makala ya Kiingereza ya bendi ya Black Sabbath. Albamu yao ya kwanza ilitoka tarehe 13 Februari 1970, na mhakiki Lester Bangs akaiponda katika jarida la Rolling Stone. Wasikilizaji hawakumngoja: ilifika nafasi ya 8 Uingereza na ya 23 Marekani. Anayesoma mambo hayo mawili yakiwa pamoja anaelewa jambo ambalo aya tano za sifa haziwezi kumweleza, kwamba muziki huu ulipata watu wake kabla haujapata wahakiki. Ukiufuta uhakiki wa Bangs kwa mapenzi yako, umeifuta na historia yenyewe.

Bendi inaweza kujisemea mambo fulani, wala sikukatazi kutumia maneno yao. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia katika ajali kiwandani akiwa kijana, akajitengenezea vifuniko vya plastiki ili aendelee kupiga gitaa. Kwa habari kama hiyo, kumbukumbu zake alizozichapisha 2011 zinafaa kutajwa, kwani nani anajua zaidi yake yaliyompata? Ila kitabu hichohicho hakiwezi kuwa chanzo cha kudai kwamba yeye ndiye mpiga gitaa bora kuliko wote. Mipaka ni hiyo: mtu anashuhudia maisha yake, hashuhudii ukuu wake.

Kuhusu aina ya muziki nitakuwa mfupi, kwa sababu ugomvi wake hauna tija. Naona umebadilishana na mwenzako neno moja kwenye kisanduku cha pembeni mara nyingi. Acheni. Kutengua mabadiliko ya wengine kwenye ukurasa mmoja zaidi ya mara 3 ndani ya saa 24 kunatosha kufungiwa akaunti katika Wikipedia ya Kiingereza, na hata bila kufungiwa mnachosha watu. Bendi ya Motörhead wahakiki wengi wameiweka kwenye hevi metali, kiongozi wake Lemmy akasisitiza hadi kifo chake mwaka 2015 kwamba wao wanapiga rokenroli. Makala nzuri inaeleza yote mawili ndani ya aya, kila kauli na mwenyewe, na kisanduku kinafuata kile ambacho vyanzo vingi vinasema.

Vyanzo vyenyewe vipo, ila vinataka kuchimbwa. Jarida la Kerrang! lilianza kuchapishwa 1981. Yapo pia majarida ya Metal Hammer na Decibel. Tovuti ya AllMusic inafaa kwa uhakiki uliotiwa saini na mwandishi, lakini ile orodha ya mitindo iliyo pembeni ya ukurasa isitumike. Na jambo ambalo wengi hawalijui: chanzo hakihitaji kuwa na kiungo. Jarida la karatasi la 1984 ni chanzo halali kabisa ukiandika mwandishi, kichwa cha habari, jina la jarida, toleo, tarehe na ukurasa. Tena mara nyingi ni bora kuliko tovuti, maana liliandikwa wakati mambo yakitokea. Viungo vilivyokufa vitafute kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, kabla hujavifuta.

Usiviombe vyanzo kutoka kwa akili mnemba. Nimefungua tanbihi zako za 31 hadi 36 na makala zinazotajwa pale hazipo. Majarida ni ya kweli, tarehe zinaelekea kuwa za kweli, hata nambari za kurasa zimewekwa, lakini hakuna aliyewahi kuandika makala hizo. Sikulaumu kwa nia mbaya. Mashine imekupa kitu kinachofanana na chanzo na wewe hukukifungua. Ila hili ni zito kuliko yote niliyoyataja. Mwaka 2025 Wikipedia ya Kiingereza iliweka kanuni inayoruhusu kurasa zilizozalishwa hivyo bila mtu kuzipitia zifutwe haraka, na marejeo yasiyokuwepo ni mojawapo ya dalili zinazoangaliwa. Zitoe leo, kabla hujafanya kingine chochote.

Uongo ukishaingia hautulii mahali pamoja. Mtunzi wa muziki wa filamu Maurice Jarre alipofariki mwaka 2009, mwanafunzi mmoja wa Dublin aliweka kwenye makala yake ya Wikipedia maneno ya kubuni kana kwamba ni ya marehemu. Wahariri wa Wikipedia waliyaondoa kwa kuwa hayakuwa na chanzo, lakini magazeti makubwa yalikuwa yameshayachapisha kwenye taarifa za kifo. Mtu angeweza kuyarudisha akiwa na gazeti la heshima kwenye tanbihi. Tanbihi yako ile ya nne inatembea njia hiyohiyo.

Sasa huyo anayetaka fedha. Hasira yangu yote iko hapa, kwa sababu hawa hawawindi wenye majivuno, wanawinda waliokwama kama wewe. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilizifunga akaunti 381 za mtandao mmoja uliopewa jina la Orangemoody. Mbinu yao ilikuwa kutafuta rasimu zilizokataliwa, nyingi zikiwa za biashara ndogo na wasanii, kisha kuwafuata wahusika na kudai malipo ili makala ichapishwe, na baadaye malipo mengine ili "ilindwe". Makala zaidi ya 200 zilifutwa. Waliolipa walipoteza fedha na makala vilevile.

Anachokuuzia huyo hana. Ukurasa hulindwa na wakabidhi tu, yaani wasimamizi wa Wikipedia, kwa sababu kama uharibifu unaojirudia, na hata ukilindwa kuna wanaoendelea kuuhariri. Tangu 2014 masharti ya matumizi ya Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, yanamtaka anayelipwa kuhariri atangaze hadharani amelipwa na nani. Muulize huyo mtu kama atatangaza. Wasanii na mameneja wanaosoma hapa nawaambia vilevile: ukinunua makala, umenunua mjadala wa kufutwa kwake, na mjadala huo unabaki wazi mtandaoni ukiwa na jina la bendi yako. Bendi ambayo haijaandikwa na wanaojitegemea haiwezi kuandikiwa makala na mjanja yeyote. Na ile iliyoandikwa, kama yako, haina haja naye.

Ujumbe wake usiufute. Nakili jina la akaunti yake, mpelekee mkabidhi, naye atajua la kufanya.

Bango nalo halimsubiri mkubwa yeyote. Ukishaziondoa tanbihi za uongo na kuzipunguza zilizobaki mpaka kila moja iwe inabeba sentensi yake, andika kwenye ukurasa wa majadiliano ulichokifanya, ngoja siku chache, kisha uling'oe mwenyewe. Mwenye pingamizi atalirudisha, na hapo mwombe akuonyeshe ni sentensi ipi ambayo bado haina chanzo.