Kisumu, marafiki hupatikana ngomani na matangani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kijana aliyehamia nchi ya watu kwa ajili ya kazi, akitaka kutoka usiku atoke na nani, na je, watu wa starehe wanaweza kuwa marafiki wa kweli? Mimi ni binti wa Mwanza, kazi imenileta Kisumu, ziwa lile lile ila ng'ambo ya pili. Jibu langu ni kwamba wanaweza, lakini kunywa pamoja hakutoshi. Watu wa usiku wanageuka marafiki siku wanapokuhesabu kwenye shida zao.

Wageni wengi hapa wanaishi mtaa wa Milimani: watu wa mashirika, watafiti wanaofanya kazi Kisian, walimu wa kujitolea. Ijumaa wanakutana kwenye hoteli zile zile, na kila baada ya muda kuna sherehe ya kumuaga fulani kwa kuwa mkataba wake umeisha. Ni watu wema, walinipokea vizuri nilipokuwa sijui hata tuktuk ya kwenda Kondele inapandiwa wapi. Lakini maongezi yao ni ya walikotoka na wanakokwenda, Kisumu yenyewe haimo. Mtu anamaliza mkataba mzima bila kujua jirani yake anaitwa nani, na hilo linanisikitisha.

Kisumu ya wenyeji mimi niliianzia Dunga, ufukweni, kwenye samaki. Sangara wetu huku ni mbuta, sato ni ngege. Anakaangwa mzima mpaka ngozi inakauka, halafu anatiwa kwenye mchuzi wa nyanya na kitunguu, analetwa na ugali na mboga chungu. Watu wa meza moja wanakula sahani moja kwa mikono, na ukianza kuchagua minofu ya mgongoni peke yako wanakuona. Pale sikuhitaji mtu wa kunitambulisha. Wakisikia Kiswahili changu wanauliza kwetu ni wapi, na nikisema Tanzania, shabiki wa Gor Mahia, timu ya soka ya huku, hatakosekana wa kunikumbusha fainali ya Juni 2018 uwanja wa Afraha, Nakuru, Gor ilipoifunga Simba 2-0. Mimi ni Simba damu, kwa hiyo maongezi hayaishi.

Usiku wenyewe una sheria yake. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo watu bado wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inataka baa ya kawaida ifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na ifungwe saa tano usiku. Wanaotaka kuendelea wanahamia klabu. Saa tano hiyo ndipo mgeni hujua kama ana watu, au alikuwa amekaa nao meza moja tu. Wenye watu wanaulizana nani anapanda na nani, nani anapitia Nyalenda, nani ampigie nani akifika. Kwa msichana hili si jambo dogo. Kuna sehemu moja, jina silitaji, mlinzi alinizuia mlangoni akaniuliza niko na mwanamume gani, kana kwamba mwanamke hawezi kuja kusikiliza muziki kwa hela yake. Sikurudi tena, na wenzangu hawakurudi pia, bila mimi kuwaomba. Tangu hapo nina kijana mmoja wa boda ninayemwamini, tunapatana nauli ya kurudi kabla sijatoka nyumbani, na namba ya pikipiki yake dada mmoja wa ofisini anayo.

Kama kuna usiku mmoja ningemshauri kijana mgeni asiukose, ni wa ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo. Ngoma zenyewe zamani ziliwambwa ngozi ya kenge. Siku hizi kinanda kimeingia, lakini mwendo ni ule ule, mabega na kiuno, na wazee wanacheza kuliko vijana. Katikati ya wimbo mtu anainuka, anatembea mpaka mbele, anamtolea mwimbaji noti, na muziki unashuka. Anashika kipaza sauti anajisifu: yeye ni mtoto wa nani, wa kijiji gani, ng'ombe wa kwao wako wangapi, rafiki yake aliyekaa pale ni simba wa wapi. Ukumbi unaitikia, ngoma inapanda tena. Wanaita pakruok. Unaweza kukaa usiku kucha ukiburudika bila kujua Kiluo, lakini muda wote sifa zinazotajwa ni za watu wengine.

Mpaka usiku mmoja mwenzangu wa kazini alipotoa noti akataja "nyar Mwanza", binti wa Mwanza, aliyevuka ziwa kuja kula mbuta wetu. Mwimbaji akaliingiza jina hilo kwenye wimbo. Nililia, na sioni haya kusema.

Lakini huo haukuwa mwisho, na hapa ndipo natofautiana na wanaosema starehe zinatosha. Mtu akisifiwa hivyo, naye anadaiwa awepo wenzake wanapopata shida. Wiki chache baadaye bibi yake yule mwenzangu akafariki, nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la michango. Nikatuma nilichokuwa nacho, halafu Ijumaa nikapanda matatu ya waombolezaji tukafuata mwili mpaka kijijini, kaunti ya Siaya. Sikujua la kufanya. Mama mmoja akanipa kisu na beseni la sukuma wiki, nikakata pamoja na mabinti wa ukoo mpaka vidole vikawa vya kijani, na mpaka usiku wa manane nilikuwa nimeshajua nani ameolewa wapi na nani hasemeshani na nani. Muziki wa kukesha matangani, ule ambao serikali inaupiga marufuku kwa sababu ya watoto wa kike wanaoharibiwa humo, siutetei hata kidogo. Kwenye boma lile walikesha kwa nyimbo za kanisa. Jumamosi orodha ya michango iliposomwa, jina langu lilisomwa katikati ya majina ya wajukuu.

Najua wapo watakaosema hiyo ni gharama, na ni kweli. Mazishi hapa ni mengi, karibu kila wikendi kuna mtu wa mtu, na mshahara wa kijana haubebi yote. Mimi huwa nasema wazi mwezi ambao sina, na siku hiyo naenda kukata mboga tu. Hakuna aliyewahi kuninunia. Wanaonuniwa ni wale wanaoonekana kila Ijumaa klabu na hawaonekani hata mara moja kijijini.

Juzi ofisini ameletwa kijana kutoka Bukoba, ameniuliza sehemu nzuri za kutoka ni zipi. Nimempa namba ya yule wa boda, nimemwambia Ijumaa tuko Dunga saa kumi na mbili, na Jumamosi alfajiri gari la kwenda mazishini Ugenya bado lina nafasi mbili.