Urafiki katika The Governess ya Sarah Fielding: hadithi tupu au riwaya?

Swali: Ninaandika tasnifu kuhusu shule za bweni za wasichana katika riwaya za mwanzo za Kiingereza. Msimamizi wangu anaona The Governess ni mkusanyiko wa hadithi tu, hivyo hainifai kujadili urafiki. Nimjibuje?

Jibu: Msimamizi wako ameuona muundo wa kitabu vizuri, ila sikubaliani na hitimisho lake, kwa sababu katika kitabu hiki cha mwaka 1749 masimulizi yanayokatiza kisa ndiyo yanayoujenga urafiki wenyewe.

Rejea mwanzo wa kitabu. Wanafunzi tisa wa Bi. Teachum wanagombania tofaa lililozidi mengine kwa ukubwa, na Jenny Peace, mkubwa wao mwenye miaka 14, anapolitupa ng'ambo ya ua ugomvi unazidi kuwaka hadi wanavutana nywele. Mwalimu anawaadhibu na kuwapatanisha, lakini vinyongo vinabaki. Kinacholeta mabadiliko ni mazungumzo ya upole kati ya Jenny na Sukey Jennett, kisha desturi inayofuata ya kila msichana kusimulia maisha yake mbele ya wenzake, pamoja na makosa ambayo hakuna aliyemlazimisha kuyataja. Tendo hilo la kuaminiana halingewezekana bila masimulizi. Dolly Friendly, kwa mfano, anakiri kwamba alimpenda dada yake kiasi cha kuwa tayari kumsemea uongo. Hapo Fielding anatenganisha upendo wa kweli na utiifu usiopima jema na baya, hoja nzito ambayo wahakiki wengi huipita haraka.

Ukihitaji ulinganisho, chukua Jane Eyre ya mwaka 1847. Mwandishi wake, Charlotte Brontë, aliwapoteza dada zake Maria na Elizabeth mwaka 1825, baada ya wote wawili kuugua wakiwa shuleni Cowan Bridge, na Lowood, shule ya riwayani, inabeba machungu hayo. Jane na mwanafunzi mwenzake Helen Burns wanapendana wakiwa na njaa na baridi, kwa hiyo urafiki wao ni kimbilio dhidi ya shule, ilhali kwa Fielding urafiki ni zao la malezi ya shule.

Katika tasnifu, usitoe muhtasari wa kila hadithi. Chagua masimulizi mawili au matatu, uonyeshe nani anasimulia, nani anasikiliza, na uhusiano wao unabadilika vipi baadaye. Ushahidi huo utamjibu msimamizi wako.