Maswali ya Wasomaji: Niyapange Vipi Mapishi Niliyokusanya?

SWALI: Kwa miaka mingi nimekusanya maelekezo ya mapishi. Mengine nimeyakata magazetini, mengine yaliandikwa kwa mkono na marehemu mama yangu, na mengine yamo kwenye simu. Kila nikitaka kupika hulazimika kupekua droo nzima. Je, niyapange kwa kufuata herufi?

JIBU: Ndugu msomaji, herufi hazitakusaidia sana, kwa sababu chakula kimoja huweza kuwa na majina mawili au matatu, na mpishi anapotafuta huwa anafikiria mlo, si alfabeti. Gawanya kwa namna unavyopika (vitafunio, mboga na michuzi, vyakula vya oveni), kisha weka orodha fupi mwanzoni mwa faili.

Hata hivyo, kabla ya hapo tenganisha mapishi uliyokwisha kuyapika na yale ambayo hujawahi kuyajaribu. Haya ya pili, ambayo kwa kawaida ndiyo yanayojaza droo, yatie kwenye bahasha ya pembeni, na karatasi ihamie kwenye faili siku chakula chake kitakapopikwa na kupendwa.

Kazi yenyewe hasa ni kuyasoma uliyobakiza kana kwamba hujawahi kuyapika, na kujaza kilichokosekana. Kikombe cha vipimo cha Marekani hubeba takriban mililita 237, ilhali kwingine huhesabiwa 250. Kijiko kikubwa ni mililita 15 katika nchi nyingi, lakini Australia ni 20. Joto la oveni lililoandikwa 350 bila kizio ni la Farenihaiti, yaani kama nyuzi 180 za Selsiasi. Unga nao hudanganya zaidi, kwa kuwa kikombe kilichoshindiliwa huwa kizito kuliko kilichojazwa taratibu kwa kijiko. Kwa hiyo upime kwenye mizani na uandike gramu.

Kuhusu maandishi ya mama, ikiwa kikombe alichopimia bado kipo, kiweke juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha kijaze maji hadi pale alipozoea kufikisha. Gramu moja ya maji ni sawa na mililita moja, hivyo utapata ujazo wake papo hapo na kuuandika kwenye nakala. Nakala hiyo ndiyo ikae jikoni. Karatasi yenyewe ipige picha pande zote mbili, pamoja na vile vidokezo vya pembeni kama vile “sukari ipungue”, ambavyo kwa maoni yangu vina thamani kuliko maelekezo yenyewe, kisha uihifadhi mbali na jua na mvuke. Tafadhali usiibandike kwa utepe wa gundi, kwani utepe hugeuka manjano na kuacha doa lisilotoka.

Yaliyo kwenye simu yanakili maneno yake yote badala ya kuhifadhi anwani ya ukurasa, maana kurasa za intaneti hufutwa bila taarifa, nayo picha ziwe na nakala mahali pengine. Mwisho, acha nafasi chini ya kila karatasi ili unapopika uandike tarehe, idadi ya waliokula wakatosheka, na ulichobadilisha.