Vitabu vya akiba: nakala mbili kwa wanafunzi 90

SWALI: Mhariri, mimi ni mhadhiri niliyeanza kazi muhula huu. Somo langu lina wanafunzi 90 na kitabu kimoja cha msingi, ambacho maktaba ya chuo ina nakala zake mbili tu. Katika wiki ya kwanza wanafunzi wawili waliowahi walizichukua zote, na wenzao wanakuja darasani hawajasoma. Mkutubi amenishauri nijaze fomu ya akiba. Je, nakala mbili zitatosha? Na je, ninaweza kuongeza kitabu changu binafsi pamoja na vivuli vya sura kadhaa?

JIBU: Ndugu Mhadhiri, kitabu kikiwekwa akiba huondolewa kwenye rafu za kawaida na kutunzwa nyuma ya kaunta, ambako msomaji hukiazima kwa saa chache, aghalabu bila kutoka nacho maktabani. Nakala zilizokwisha kuazimwa mkutubi anaweza kuzidai zirudishwe kabla ya muda wake.

Kuhusu kutosha, tufanye hesabu. Ikiwa maktaba hufunguliwa saa 12 kwa siku na kila mtu anapewa saa mbili, nakala moja huhudumia wasomaji sita kwa siku, na nakala mbili huhudumia 12. Kwa hiyo wanafunzi 90 watahitaji takribani siku nane, ilhali wewe unafundisha kila wiki. Ukiongeza nakala yako wasomaji wanakuwa 18 kwa siku, na darasa zima linamalizika kwa siku tano. Hesabu hiyo inachukulia kwamba zamu hazipotei hata moja, jambo ambalo halitokei, kwa kuwa wengi hupanga foleni jioni ya kuamkia kipindi. Ndiyo maana ningekushauri uwape makundi siku tofauti za kusoma, na uwatajie sura na kurasa, kwani anayetumwa kusoma kitabu kizima kwa saa mbili ataishia kwenye dibaji.

Kitabu binafsi hukubaliwa na maktaba nyingi. Vivuli ndivyo vyenye mtego. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaofuatwa na nchi nyingi katika mambo ya hakimiliki, unaziachia sheria za kila nchi kuruhusu kazi ya mtu itumike kama kielelezo cha kufundishia, kwa kiasi kinacholingana na lengo hilo na kwa namna ya haki. Sura moja ni rahisi kuitetea kuliko sura kadhaa, ambazo zikikusanywa huwa kitabu kisicholipiwa. Muulize mkutubi kiwango kinachokubaliwa chuoni kwenu kabla ya kutoa kivuli hata cha ukurasa mmoja. Makala ambayo maktaba imekwisha kuilipia kwenye mtandao haihitaji kivuli: weka kiungo chake. Kwa kitabu cha kielektroniki, uliza leseni inaruhusu wasomaji wangapi kwa wakati mmoja, maana zipo zinazoruhusu mmoja tu, na hapo foleni inarudi palepale.

Katika fomu andika jina la mwandishi, toleo, msimbo wa somo na tarehe ya kuviondoa vitabu akibani. Muhula ujao ipeleke wiki kadhaa kabla ya masomo kuanza. Nakala yako iandike jina, na uwe tayari irudi na lebo ya maktaba na pengine mistari ya kalamu ya mtu usiyemjua.