Kabla hujauliza paneli ngapi, niambie unapikia nini

Wiki hii nimepigiwa simu na watu wawili wanaojenga mbali na nguzo za umeme. Wote wawili wameanza na swali lilelile: nifunge paneli ngapi? Nami nikawauliza: jikoni mtapikia nini?

Huu ni mwaka wa 9 tunaishi bila umeme wa gridi hapa Arumeru, kwenye miteremko ya Meru. Miaka 2 ya mwanzo nilikuwa na sola juu ya bati na gunia la mkaa nyuma ya mlango. Taa zinawaka, simu zinachajiwa, nikaamini nyumba yangu ni safi. Kumbe taa 5 za LED na redio havili kitu. Nishati ya nyumba zetu inaliwa na sufuria. Tanuru la kienyeji linataka kilo 5 hadi 10 za kuni ili litoe kilo 1 ya mkaa, na sisi tulimaliza gunia zima kila mwezi. Piga hesabu hiyo ya miti, halafu utazame tena ile paneli juu ya bati.

Kwa hiyo ukiwa na ng'ombe wawili wa kufugia bandani, weka biogesi kwanza, yaani gesi ya kupikia inayotokana na samadi. Huku Arusha si jambo geni. CAMARTEC, kituo cha serikali cha teknolojia za vijijini, wanashughulika na mitambo ya kuba, ile inayojengwa ardhini ikiwa na paa la duara, tangu miaka ya 1980. Ila usichague ukubwa kwa kutazama wa jirani. Mimi nilitaka wa mita za ujazo 9 kwa sababu jirani anao huo. Fundi, Mungu ambariki, akaniambia nipime samadi kwanza. Siku 7 nilikuwa nazoa banda asubuhi na kupima kwa mizani ya kahawa: wastani kilo 34 kwa siku. Hizo zinatosha mtambo wa mita za ujazo 4 tu. Kilo 1 ya samadi mbichi hutoa kama lita 40 za gesi, na jiko dogo hula lita 300 hadi 400 kwa saa, kwa hiyo tunapata karibu saa 4 za moto kila siku. Chai, mboga, ugali na maharage yaliyolowekwa vinaiva. Makande ya msibani hayaivi, na mafiga yangu bado yapo nyuma ya nyumba kwa siku za namna hiyo. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ikishika, gesi hupungua kwa sababu vijidudu vinavyoichachusha samadi hulegea.

Samadi huchanganywa na maji kiasi kwa kiasi, na hapa ndipo wengi hukwama. Kama kila ndoo ya maji inatoka mtoni kichwani, baada ya mwezi mtambo utakufa njaa. Weka mabomba ya kukinga mvua na tangi kabla ya kuchimba shimo. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Pima paa lako uone.

Mama mkwe alikataa kabisa kula chakula cha gesi ya kinyesi. Sikubishana naye. Nilimwita jikoni, nikawasha, nikamwomba anuse moto wenyewe, kisha mvuke wa chai. Harufu ile ya yai viza iko kwenye gesi ambayo haijaungua, ikiwaka, inaondoka. Siku hizi yeye ndiye anayedai sufuria zisizo na masizi.

Siku moja moto ulianza kudunda, ukawa unapanda na kushuka, mpaka ukazimika ugali ukiwa mbichi. Nikadhani mtambo umekufa. Fundi alikwenda moja kwa moja pale bomba lilipobonyea karibu na ukuta, akafungua koki ya chini, yakamwagika maji karibu kikombe kizima. Gesi hutoka na unyevu, na unyevu hutuama panapoinama. Tangu hapo kila Jumamosi nafungua koki ile.

Na tafadhali sana, uvujaji usiuchukulie kama hasara ya gesi peke yake. Gesi hii zaidi ya nusu ni methani, nayo kwa miaka 100 hunasa joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksidi. Mtambo unaovuja unaharibu kile ulichojengewa. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungio. Likitoa mapovu, funga koki kuu, mwite fundi siku hiyohiyo.

Sasa sola. Betri yangu ya kwanza ilikuwa ya gari, na ilikufa ndani ya miezi 14. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kunyonywa usiku kucha. Ukinunua ya madini ya risasi, iwe ya sola, na usiishushe chini ya nusu ya chaji yake. Ukimudu ya lithiamu, nunua hiyo. Hesabu wati zako kwa mwezi wa mawingu, siyo kwa Januari. Na pasi ya umeme uisahau.

Yule wa pili aliyenipigia hana ng'ombe. Nilimwambia ashone kikapu kikubwa cha kutunza joto, chakula kiendelee kuiva bila moto, akijaze mabaki ya blanketi chini na pembeni, na mto mzito wa kufunika. Maharage yalale kwenye maji usiku kucha, asubuhi yachemke kwelikweli dakika 30, kisha sufuria iingie kikapuni na kifuniko chake, isifunguliwe mpaka mchana. Mkaa wa siku nzima ya jikoni unabaki mkaa wa nusu saa.