Mota ya 60 Hz kwenye umeme wa 50 Hz

Umeuliza kama fundi aisuke upya mota ya pampu yako iliyoungua kwa idadi ileile ya mizunguko ya waya. Hapana, asiisuke hivyo, itaungua tena. Bamba la mota yako linasema 230 V, 60 Hz (Hz ni mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde). Umeme wetu ni 50 Hz. Kanuni ni V = 4.44 × f × N × Φ: V ni volti, f ni hizo Hz, N ni idadi ya mizunguko ya waya, Φ ni sumaku kwenye chuma cha mota. Volti zikibaki zilezile na f ikishuka kutoka 60 hadi 50, sumaku kwenye chuma inapanda kwa asilimia 20. Chuma kinashiba, yaani hakiwezi kubeba sumaku zaidi, na mota inavuta ampia nyingi hata ikizunguka bila mzigo. Ndiyo maana ilichemka, wala si ubovu wa pampu.

Dawa ni kuongeza N kwa 6/5. Koili ya mizunguko 40 iwe 48, na koili ya kuanzishia mota vivyo hivyo. Ili zienee kwenye sloti (mifereji ya chuma inayobeba koili), unene wa waya upungue: wa milimita 1.00 uwe 0.90. Hapo mota ya hp (nguvu farasi) 3 ihesabu kama 2.5.

Ila maji yatapungua. Mwendo unashuka kwa sehemu moja ya sita, na presha inashuka kwa mraba wake, karibu asilimia 30. Kama tenki liko juu sana, pima kwanza kabla hujanunua shaba.